Tuzo za vitabu vya picha vya watoto: maswali mnayoniuliza kila siku, na majibu yake

Asalaam alaykum jamani. Kila nikizungumzia vitabu vya picha kwenye magrupu ya walimu wa maandalizi na ya wachoraji, Unguja na Pemba, maswali yanarudi yaleyale, wengine mnanitafuta hadi inboksi, kwahio nimeyakusanya yote hapa mtu asome kwa nafasi yake. Ninaloliamini nalisema mapema kabisa: mchoraji wa kitabu cha mtoto ni mwandishi wa pili wa kitabu kile. Tuzo kubwa za duniani zimejengwa juu ya jambo hilo hilo, na sie huku bado vipo vitabu vinatoka jina la mchoraji hulioni juu wala ndani.

Kwani kitabu cha picha ndo kipi? Si vitabu vya watoto vyote vina picha?

Vina picha ndio, lakini tuzo hizi haziangalii kila kitabu chenye picha. Jaribu hivi, ziba picha kwa mkono usome maneno peke yake, ikiwa hadithi imekamilika na hukukosa kitu basi zile picha ni pambo tu. Sasa chukua ukurasa ambao maneno yanasema "Bibi akatwambia leo hatuli samaki, samaki kapotea", na kwenye picha nyuma ya mlango kuna paka ana mkia wa changu mdomoni. Bibi hajui, msimuliaji hajui, mtoto anayetazama anajua na anacheka peke yake! Hapo picha imesema lile ambalo maneno hayakusema, na ndo kitabu cha picha hicho. Aghlabu kinakuwa na kurasa 32, sababu ni ya kiwandani tu, karatasi kubwa ikichapwa na kukunjwa inatoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16, kwahio ukipanga hadithi ya kurasa 27 mchapaji atakurudisha.

Tuzo zenyewe kubwa ni zipi?

Ya kwanza ambayo kila mtu anaisikia ni Caldecott Medal ya Marekani, inatolewa tangu 1938 na chama cha wakutubi wa kule, American Library Association, kila mwaka kwa mchoraji wa kitabu cha picha kilichopea mwaka ule. Imeitwa kwa jina la Randolph Caldecott, mchoraji Muingereza wa karne ya 19. Muhuri wa dhahabu unabandikwa kwenye jalada la mshindi, na wale waliokaribia wanapata wa fedha, kitabu chenye muhuri ule maktaba na skuli wanakitafuta miaka na miaka.

Uingereza wao wana medali yao ya uchoraji iliyoanzishwa 1955 kwa jina la Kate Greenaway, sasa hivi inaitwa Carnegie Medal for Illustration.

Halafu kuna Hans Christian Andersen Award, hii inatolewa na IBBY, yaani bodi ya kimataifa ya vitabu vya vijana iliyoanzishwa Zürich mwaka 1953, na muasisi wake ni mama mmoja anaitwa Jella Lepman ambae baada ya vita kuu ya pili aliamini kwamba watoto wa nchi zilizopigana wakisoma vitabu vya wenzao watajuana. Waandishi walianza kuipata 1956, wachoraji ikabidi wangoje miaka kumi, mchoraji wa kwanza ni Alois Carigiet wa Uswisi 1966. Miaka kumi nzima jamani, hata huko kwao haikuwa rahisi watu kukubali kwamba anayechora ana haki yake! Hii haitazami kitabu kimoja, inatazama kazi ya umri mzima wa mtu, na inatoka kila baada ya miaka miwili.

Sweden wana Astrid Lindgren Memorial Award, serikali yao iliianzisha 2002, na naipenda sana kwa sababu wanaoweza kuipata si waandishi na wachoraji tu, hata wasimulizi wa hadithi kwa mdomo na watu wanaohamasisha watoto kusoma. Mwaka 2015 walipewa PRAESA wa Cape Town, taasisi iliyohangaika na watoto kusoma kwa lugha za nyumbani kwao. Hebu fikiria mabibi wetu wa Wete na Konde wanaoanza na "paukwa" na ukumbi mzima unaitikia "pakawa", tuzo ya aina hii inawatambua watu wa namna yao.

Zilobaki mbili ni za wachoraji hasa, maonesho ya vitabu ya Bologna kule Italia na Biennial (yaani maonesho ya kila miaka miwili) ya Bratislava, Slovakia, iliyoanza 1967.

Sasa mie wa Mkoani au wa Makunduchi naweza kuingia ipi?

Caldecott isahau, ni ya raia au wakaazi wa Marekani na kitabu lazima kiwe kimetoka kule. Andersen unapendekezwa na tawi la IBBY la nchi, hujipeleki mwenyewe.

Bologna ndo mlango nnaowaambia wachoraji wote wachanga waugonge. Kuna tuzo za vitabu, BolognaRagazzi, hizo wanapeleka wachapishaji, lakini pembeni yake kuna maonesho ya wachoraji ambayo mtu anapeleka kazi yake mwenyewe: picha 5 zinazokwenda pamoja, na huna haja ya kuwa na kitabu kilichochapwa. Picha tano tu! Mtu aliyezoea kuuza michoro kwa watalii Mji Mkongwe anachora zaidi ya hizo kwa wiki, tatizo ni kwamba zile za watalii kila moja inasimama peke yake, hapa wanataka tano zinazosimulia, mhusika yule yule, uso ule ule, akiwa amekaa, anakimbia, kanuna, kalala. Ukimudu hilo umeshavuka sehemu ngumu.

Kwa Afrika kuna Golden Baobab iliyoanzia Ghana 2008 kwa hadithi za watoto za Waafrika, imewahi kuwa na upande wa vitabu vya picha na upande wa wachoraji, fuatilia matangazo yao.

Na hapa nyumbani kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hafla yake ni mwezi wa Aprili karibu na tarehe 13 aliyozaliwa Mwalimu, na sasa ina upande wa hadithi za watoto. Hii ni tuzo ya uandishi, kwahio mchoraji usitegemee upewe kwa picha zako, ila wewe mwandishi wa kizanzibari usijiweke nyuma, ni ya Watanzania wote. Watu wetu wakishindana wanashinda, Mohammed Ghassani mtoto wa Pemba alichukua upande wa ushairi wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell 2015, na nyie mnaoandika kwa ajili ya watoto mnaweza vile vile.

Kuna Mtanzania aliyewahi kutambuliwa kwa kitabu cha picha?

Yupo, John Kilaka, kazaliwa Sumbawanga, anachora kwa mtindo uliotokana na Tingatinga, wale wanyama wa rangi kali waliovalishwa mashati na kanga wanapanda baiskeli na kuuza samaki. Vitabu vyake vilitoka Uswisi kwanza vikafasiriwa lugha kadhaa, na kimoja kilipata tuzo ya New Horizons kule Bologna. Nawaomba mkitazame kisa chake vizuri: hakubadilisha mkono wake ufanane na wachoraji wa Ulaya, alichora vile vile wanavyochora wenzake Dar es Salaam, akaongeza usimulizi. Ndo ule mwendelezo wa picha niliousema juu.

Na mwengine wa kumjua ni Meshack Asare wa Ghana, anaandika na kuchora mwenyewe. Alipata Noma, tuzo ya vitabu vya Afrika, 1982, na 2015 akapewa NSK Neustadt ya Marekani, ambayo ni ya fasihi ya watoto. Angalia hiyo miaka, ni zaidi ya thalathini kati yake, mtu yuko kazini tu anachora.

Na kitabu chenye Kiswahili kiliwahi kupata?

Hili watu wengi hawalijui na nikiwaambia wanashangaa. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kusomesha Uganda, aliandika na mumewe Tom Feelings akachora kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kuanzia moja mpaka kumi, kikapata heshima ya Caldecott 1972, ile ya muhuri wa fedha. Tom akawa msanii wa kwanza mweusi wa Marekani kupata heshima hio. 1975 wakapata tena kwa kitabu cha alfabeti, herufi 24 za Kiswahili kila moja na neno lake na picha yake. Kwahio kuhesabu kwetu na alfabeti yetu vimeshakaa kwenye rafu za maktaba za Marekani zaidi ya miaka hamsini. Mwalimu wa maandalizi Chake Chake ana haki ya kuwa na kitabu kizuri kama kile darasani kwake, kilichochorwa na mtu wa hapa hapa.

Majaji wanatazama nini hasa? Uzuri wa picha?

Uzuri peke yake hautoshi, na hapa ndo wachoraji wazuri wengi wanapoanguka. Vigezo vya Caldecott viko wazi: ufundi wa mkono, namna picha inavyoifasiri hadithi, mtindo kama unaendana na kisa, na wahusika, mahali na hali ya moyo kama vinaonekana kwenye picha bila kungoja maneno, halafu kubwa kuliko yote kwangu, kama umemheshimu mtoto atakayekitazama. Kamati ya watu 15 wanapitia vitabu vya mwaka mzima na kujadiliana.

Kwa lugha yetu ya kawaida nawaambia wachoraji watazame mambo haya. Kugeuza ukurasa: picha ya kulia imvute mtoto atake kufunua, mfano unaona vidole tu vinatokea nyuma ya ukuta, nani huyo, funua. Pili mwendo wa kitabu, usijaze kila ukurasa mpaka pembeni, bibi akifariki au mtoto akipotea sokoni Darajani mpe ukurasa mweupe na mtoto mdogo katikati, ataelewa upweke kuliko ungeandika mistari mitano. Tatu uso. Watoto wanasoma nyuso kabla ya kusoma herufi, na michoro mingi ninayoletewa nyuso zote zinatabasamu hata pale mtoto anapochapwa, hilo linaharibu kitabu kizima. Na mwisho usirudie maneno. Maneno yakisema "Asha alivaa gauni jekundu", mchoraji ana kazi nyengine ya kufanya kuliko kutuonesha gauni jekundu tu, labda gauni la Asha lina tundu na yeye analificha kwa mkoba.

Nichore nini, dau na twiga?

Twiga Unguja yuko wapi jamani? Chora unachokijua, lakini ukijue kweli. Ngalawa ina matengo mawili pembeni, mtumbwi hauna, mtoto wa Nungwi akiona ngalawa isiyo na matengo anakufunga kitabu hapo hapo. Karafuu zikichumwa si za kahawia, ni za kijani zenye wekundu, kahawia inakuja zikishaanikwa juani juu ya majamvi. Kima punju wa Jozani hana dole gumba, mpe vidole vinne. Yupo popo mkubwa wa Pemba ambae hapatikani pengine popote duniani na sura yake kama ya mbweha, huyo anasubiri mchoraji! Kuna akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani maji yakitoka, kuna kofia za viua ambazo kila nakshi inashonwa kwa mkono, watoto wa chuoni na juzuu zao, mvua ya masika juu ya bati. Jaji wa Bologna hajawahi kuona hayo, na mtoto wa hapa hajawahi kuyaona ndani ya kitabu, wote wawili utawapata kwa pamoja.

Lazima iwe rangi? Kuchapa rangi ghali.

Si lazima hata kidogo. 1982 Caldecott alichukua Chris Van Allsburg kwa Jumanji, kitabu ambacho baadae watu wengi waliona filamu yake, na picha zake zote ni nyeusi na nyeupe. Penseli ukiijua vizuri inatosha.

Na maneno lazima yawe mengi?

Wala. Jerry Pinkney alishinda 2010 na kisa cha simba na panya kilichowekwa Serengeti, hakuna maneno ndani isipokuwa sauti za wanyama. Na 2008 kilishinda kitabu cha Brian Selznick chenye kurasa zaidi ya 500. Ni hadithi yako inataka nini.

Pesa ngapi?

Inategemea. Astrid Lindgren ni krona milioni 5 za Sweden, nyingi sana hizo. Lakini Caldecott na Andersen unapewa medali, faida inakuja kwenye kitabu kuuzwa na kubakia sokoni, na jina lako kuitwa kazi nyengine. Ambayo inatuleta kwenye swali kubwa.

Nimechora kitabu, nimelipwa mara moja, jina langu halipo. Naweza kukipeleka kwenye tuzo?

Swali hili naulizwa zaidi ya yote na linaniuma. Bila jina huna cha kupeleka. Tuzo ya mchoraji inampa mtu, kama kitabu hakisemi mtu huyo ni nani utathibitisha vipi? Nimeletewa vitabu vizuri mashaallah, mkono unaujua kabisa wa nani kwa vile unajua anavyochora miguu ya kuku, lakini ukifungua ndani kuna jina la mradi, jina la mfadhili, nembo nne, mchapaji, mchoraji hayupo. Mtoto akiuliza "nani kachora hii?" mwalimu hana jibu, na mtoto yule huenda ni mchoraji wa kesho, hajaambiwa kwamba kuna mtu wa mtaani kwao anafanya kazi hio.

Kwahio kabla hujashika penseli, mkubaliane kwa maandishi mambo haya. Jina lako liwe kwenye jalada, pamoja na la mwandishi, ukubwa mmoja. Haki ya picha unabaki nayo wewe au unaiuza yote, na kama unaiuza yote bei iwe tofauti kabisa na bei ya kuwaruhusu kuchapa mara moja. Kama kuna mrabaha, yaani fungu lako kwa kila kitabu kinachouzwa, asilimia ngapi, unalipwa lini. Picha za asili zirudi kwako, mana Bratislava kwa mfano wanataka kazi zenyewe, si kurasa zilizochapwa. Zanzibar tuna COSOZA wanaoshughulikia hakimiliki, nenda uandikishe kazi yako, usingoje mpaka uione kwenye fulana ya mtu ndo uanze kulia.

Wachapishaji na miradi wanaonisoma, hili halikugharimuni kitu. Mstari mmoja kwenye jalada.

Mie naandika tu, sijui kuchora. Nikishinda nani anapewa?

Tuzo za uchoraji anapewa mchoraji, za uandishi unapewa wewe. Msigombane, na usimuelekeze mchoraji kila kitu mpaka rangi ya kandambili, muachie nafasi alete lake. Waandishi wengi wanaandika maelezo ya picha marefu kuliko hadithi yenyewe, halafu wanashangaa kitabu kimekosa uhai.

Na picha za AI, yaani akili bandia?

Mimi nasema hapana. Soma masharti ya kila tuzo, lakini hata yakiruhusu, mashine ile ukiiambia kijiji cha Zanzibar inakupa kijiji cha popote. Na tuzo inamtambua mtu na mkono wake, hapo utamtambua nani?

Watoto wenyewe wanaulizwa?

Uingereza makundi ya wanafunzi maskulini wanasoma vitabu vilivyoingia fainali ya Carnegie, wanajadiliana sambamba na majaji na kuchagua chao. Hili sie tunaweza kulianza bila kungoja ruhusa ya mtu. Mwalimu achukue vitabu vitano, maktaba ya Maisara au popote unapopata, watoto wapige kura kwa kokoto au mbegu za ubuyu kwenye vikopo, na kila anayepiga aseme sababu moja. Utasikia mambo! Wanaona vitu vya picha ambavyo sie wakubwa tunavipita tukikimbilia maneno.

Basi tuanzishe tuzo yetu ya Zanzibar?

Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti kwamba tusianze na hafla, maua na mgeni rasmi. Tuanze na vitabu. Majaji wakae wachoraji, walimu wa maandalizi na wakutubi pamoja, masharti yatangazwe mapema Unguja na Pemba kwa pamoja, na sharti la kwanza liwe kitabu kisichotaja mchoraji hakipokelewi. Zawadi bora kuliko bahasha ni kukichapa kitabu kilichoshinda na kukisambaza skuli. Siku yake ipo tayari, tarehe 2 Aprili, siku aliyozaliwa Andersen, ambayo IBBY wanaiadhimisha tangu 1967 kuwa siku ya kimataifa ya vitabu vya watoto.

Mwanangu ana miaka 12 anachora daftari zote zimejaa, yeye je?

Maonesho ya Bologna ni ya watu wazima, kuanzia miaka 18, kwahio ana miaka sita ya kujitayarisha na si mingi. Asikatazwe kuchora kwenye daftari, ila mnunulie na jengine lisilo na mistari. Achukue karatasi nane, azikunje katikati, azishone kwa uzi kwenye mkunjo, apate kurasa 32, asimulie kisa kimoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama ni cha kuku wa jirani. Akimaliza afanye chengine. Na kwenye jalada, kila kimoja, aandike jina lake lote.